Abbas bin Firnas, Hakim wa Andalusi

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa tumeketi barazani petu Magongo, kitabu kimefunguliwa mbele yetu, mara ndege kubwa ikapita juu ya mapaa ya nyumba ikiteremkia uwanja wa Port Reitz. Msomaji akanyamaza, kama ilivyo ada yetu, kwani hakuna sauti ya mwanadamu iwezayo kushindana na ngurumo ile. Ilipokwisha kupita, kijana mmoja miongoni mwetu akauliza iwapo katika Waislamu wa kale alipata kuwako mtu aliyefikiri habari ya kuruka angani. Mwenziwe akamjibu upesi kuwa yuko, naye ni Abbas bin Firnas, na kwamba huyo ndiye aliyebuni ndege, kisha Wazungu wakamwibia. Jibu hilo lilipokewa kwa furaha kubwa, na mazungumzo yalikuwa karibu ya kukomea hapo.

Sisi hatukuridhika. Abbas bin Firnas alikuwa mtu mkubwa, wala hatuna shaka na hilo. Lakini jibu lile lilimpa sifa ya kazi asiyoitimiza, na likamnyima sifa ya kazi nyingi alizozitimiza. Tena lilitupa sisi raha ambayo hatukuitolea jasho. Basi tukaafikiana kuisoma habari yake tangu mwanzo hata mwisho, na haya tunayoyaandika hapa ni matunda ya masomo hayo. Twamtaka ndugu msomaji ayasome kwa utulivu, asiharakie mahali pa mbawa. Kwani mbawa zilikuwa sehemu ndogo ya umri wa mtu huyu.

Abbas bin Firnas alizaliwa katika nchi ya Andalusi, ambayo leo ni Hispania, katika jimbo la milima lililoitwa Takurunna, upande wa mji wa Ronda. Kuzaliwa kwake kwakadiriwa kuwa yapata mwaka 810. Asili yake ilikuwa ya Kiberberi, watu wa Afrika ya Kaskazini, na jamaa zake walikuwa mawali wa ukoo wa Bani Umayya uliotawala nchi ile. Hakuwa, basi, mtoto wa Kiarabu cha nasaba, wala hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Twalitaja hili kwa sababu wako kati yetu ambao hata leo humpima mwenye elimu kwa ukoo wake kabla ya kumpima kwa elimu yake.

Alipokuwa kijana alikwenda Qurtuba, mji ambao Wahispania huuita Córdoba, uliokuwa makao makuu ya Maamiri. Aliishi zama za Maamiri watatu: al-Hakam wa kwanza, aliyetawala hata mwaka 822, mwanawe Abdul-Rahman wa pili, aliyetawala tangu mwaka 822 hata 852, na mjukuu wake Muhammad, aliyetawala tangu mwaka 852 hata 886. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya Qurtuba kuamka. Kabla yake Andalusi ilikuwa pembe ya mbali ya ulimwengu wa Kiislamu, mahali pa askari na wakulima, na mtu aliyetaka elimu hakuwa na budi kusafiri kwenda Madina, Basra au Baghdad. Amiri Abdul-Rahman alikuwa mpenda elimu, akaanza kuvileta vitabu na watu kutoka Mashariki. Mwaka 822 alikuja Ziryab, mwimbaji kutoka Iraq, ambaye hakuleta nyimbo tu, bali na mila za chakula na mavazi. Palikuwako vilevile Yahya al-Ghazal, mshairi na balozi, na watu wa falaki waliohesabu mwendo wa nyota. Watu hawa walikuwa wakikutana mbele ya Amiri, wakijadiliana, wakishindana kwa mashairi na kwa maswali ya elimu. Hawakuwa na jina la jumuiya, wala hawakuwa na daftari la wanachama, lakini kwa hakika walikuwa halaka ya elimu, na katika halaka hiyo Abbas alipata nafasi yake.

Jinsi alivyoipata nafasi hiyo ni hadithi yenye mafunzo. Ndugu zetu washairi wa pwani hii walijua neno bahari katika elimu ya utunzi, nalo twalitumia kila siku bila ya kukumbuka asili yake. Aliyeanza kuzipanga bahari za mashairi ya Kiarabu alikuwa al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd kutoka Oman, aliyekaa Basra katika karne ya pili ya Hijra. Al-Khalil aliyasikiliza mashairi ya Waarabu, akayagawa matamko yake katika herufi zenye haraka na herufi zenye sukuni, akaona kwamba yote hurejea katika bahari 15, nazo bahari hizo akazipanga katika duara 5. Ili kupima ubeti aliweka matamko ya mizani, kama vile mafailun na failatun, yasiyo na maana yoyote ila kuonyesha mwendo wa sauti.

Nakala ya kitabu cha al-Khalil ililetwa Qurtuba na mfanyabiashara. Kwa mtu asiyeijua siri yake, kitabu hicho ni kichekesho: kurasa zilizojaa duara na maneno yasiyo na maana yanayorudiwa-rudiwa. Hakuna mtu katika jumba la Amiri aliyeweza kukifahamu, hata kikawa kitu cha mzaha kwa vijakazi wa nyumbani, wakitakiana kwa kejeli akili ya yule aliyekitunga. Abbas alipopata habari hiyo aliomba apewe kitabu. Hakuwa na mwalimu wa kumwelekeza, wala hapakuwa na sherehe ya kitabu hicho katika nchi ile. Alikaa nacho, akakilinganisha na mashairi aliyoyahifadhi, hata mlango ukamfungukia. Akaifahamu arudhi, kisha akawafundisha wengine. Amiri akampa zawadi na mavazi. Tangu siku hiyo watu wa Andalusi waliijua arudhi, na elimu hiyo ikasomeshwa.

Twamwomba msomaji alitie akilini jambo hili, kwani tutalirejea. Kazi ya kwanza iliyomtangaza Abbas haikuwa chombo chochote. Ilikuwa kukisoma kitabu ambacho wenziwe walikicheka.

Kazi yake ya pili ilikuwa ya mikono. Waandishi wa tarehe wamesema kuwa yeye ndiye wa kwanza katika Andalusi kutengeneza kioo kutokana na mawe. Jambo hilo ataliona dogo mtu ambaye dirishani kwake mna vioo na jikoni mwake mna chupa. Lakini zamani zile kioo kizuri kilitoka Mashariki, Sham na Misri, nacho kikinunuliwa kwa thamani kubwa. Mtu aliyeweza kuchukua jiwe la nchi yake, akalisaga na kulichanganya, akaliyeyusha motoni hata likatoka kioo, alikuwa ameitia nchi yake katika kazi mpya. Imesimuliwa pia kwamba alibuni njia ya kulikata jiwe la bilauri, lile jiwe gumu linalopitisha nuru kama maji. Kabla yake mawe hayo yalikuwa yakipelekwa Misri kukatwa, kisha yakarejeshwa Andalusi kwa bei ya juu.

Na hapa pana jambo linalotugusa sisi watu wa pwani. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 11, ameandika katika kitabu chake cha vito kwamba bilauri nzuri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, nayo ikikatwa hapo kufanywa vyombo. Yaani jiwe lilipita katika bahari yetu hii, katika majahazi ya zamani, likenda kufanyiwa kazi na mikono ya wengine. Jina lake tumebaki nalo. Kila siku twanywa maji katika bilauri. Abbas aliuona mwendo kama huo katika nchi yake, mali kutoka ghafi na kurudi imekwisha tengenezwa, akaukata kwa kujifunza ile kazi yenyewe. Watu wa Changamwe, ambao kila siku huyaona makasha yakipita barabarani yakienda na kurudi bandarini, hawahitaji kufafanuliwa maana ya jambo hili.

Kazi yake ya tatu ilikuwa ya mbingu na nyakati. Alimtengenezea Amiri Abdul-Rahman chombo cha falaki chenye pete zilizoingiliana, kila pete ikionyesha duara mojawapo ya mbinguni, ili mtu aweze kuuona mwendo wa jua na sayari kana kwamba mbingu zimeshushwa mezani. Kisha zama za Amiri Muhammad alitengeneza saa, kikiwa ni chombo cha kupimia wakati kwa maji yanayotiririka kwa kiasi. Amiri akatunukiwa chombo hicho pamoja na beti alizozitunga Abbas mwenyewe, ambazo maana yake ni kuwa chombo kile ni msaidizi wa dini, huwajulisha watu nyakati za sala pindi jua lisipoonekana mchana na nyota zisipoonekana usiku. Katika nchi ya Andalusi, ambako wakati wa kipupwe mawingu hufunga siku nyingi mfululizo, muadhini alikuwa na haja kubwa na chombo kama hicho. Basi wale wanaodhani kuwa elimu ya vyombo ni elimu ya dunia tupu na watazame: mtu huyu alijenga saa ili watu waswali kwa wakati wake.

Nyumbani kwake alifanya chumba cha ajabu. Dari yake aliipanga kwa mfano wa mbingu, na mtu aliyeingia aliona nyota na mawingu, akaona umeme ukimulika na akasikia radi. Habari za chumba hicho zilienea mjini kote. Wengine waliingia wakastaajabu, wengine wakakasirika, na wengine wakacheka. Ametajwa kuwa mjuzi wa nyota, mjuzi wa muziki, mshairi na mtu wa hikima, hata akaitwa Hakim wa Andalusi.

Sasa tufike kwenye mbawa. Habari ya kuruka kwake imehifadhiwa na waandishi wa tarehe wa nchi ile, nao ni Ibn Hayyan wa Qurtuba, aliyeandika katika karne ya 11, na al-Maqqari wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1632 baada ya kukusanya habari nyingi za Andalusi kutoka vitabu vya kale. Wamesimulia kuwa Abbas alijivika vazi lililofunikwa manyoya, akajifungia mbawa mbili mfano wa mbawa za ndege, akapanda mahali pa juu, akajitupa angani mbele ya watu. Akaelea mwendo wa kupimika, wala hakuanguka kama jiwe. Lakini aliposhuka, hakuweza kuutawala mshuko wake, akagonga ardhi kwa nguvu na akaumia mgongoni. Na sababu waliitaja wao wenyewe: kwamba ndege anapotua hutegemea mkia wake, na Abbas alikuwa hakujifanyia mkia.

Wako wataalamu waliolitilia shaka jambo hili kwa kuwa al-Maqqari aliishi zaidi ya miaka 700 baada ya Abbas. Lakini ushahidi ulio karibu zaidi hautokani na rafiki, bali watokana na hasimu. Palikuwako Qurtuba mshairi aitwaye Mumin bin Said, aliyeishi zama zile zile, na kazi yake ilikuwa kuwatungia watu mashairi ya kuwadhihaki. Huyo alitunga ubeti wa kumcheka Abbas, akimfananisha na ndege anayempita anqa kwa kuruka pindi avaapo manyoya ya tai mzee. Mtu hatungi dhihaka juu ya jambo ambalo wasikilizaji wake hawalijui. Hivyo kejeli ya hasimu imekuwa leo ndiyo hoja ya kumthibitishia Abbas kazi yake.

Mumin bin Said hakuishia hapo. Alitunga pia mashairi machafu juu ya kile chumba cha mbingu na radi zake. Mji ukacheka. Na katika mji, kicheko mara nyingi ndicho kinachoitangulia tuhuma. Haukupita muda Abbas akashitakiwa kwa uzandiki na uchawi. Kesi yake ilipelekwa mbele ya Kadhi wa Qurtuba, Sulayman bin Aswad al-Ghafiqi, katika msikiti mkuu wa mji, na watu wengi wa kawaida wakaja kutoa ushahidi.

Msomaji na ausikilize ushahidi wenyewe. Mmoja alishuhudia kuwa aliiona damu ikitiririka katika mfereji wa maji uliotoka nyumbani kwa Abbas. Mtu aliyekuwa akiyeyusha mawe, akichanganya madini na rangi ili apate kioo, si ajabu maji ya mfereji wake yakatoka mekundu. Lakini jirani hakuuliza, aliona wekundu akaamua kuwa ni damu. Shahidi mwengine alisema kuwa alimsikia Abbas akitamka mafailu, mafailu. Haya, ndugu msomaji, ni yale matamko ya mizani ya al-Khalil bin Ahmad. Maskini mtu alikuwa nyumbani kwake akipima ubeti wa shairi, na jirani aliye nje ya ukuta akadhani anaita majini.

Kadhi Sulayman alikuwa mtu mwenye elimu. Aliusikiliza ushahidi wote, akawashauri mafakihi, wakaupima, wakaona kuwa ni maneno ya ujinga yasiyo na msingi wa kumhukumu Muislamu. Abbas akaachiliwa. Twamwombea kadhi yule rehema, kwani siku ile alimlinda mtu mmoja, na pamoja naye akailinda heshima ya dini, isifanywe upanga wa kumkatia kila afanyaye jambo lisilofahamika kwa majirani.

Tulipofika hapa katika masomo yetu palikuwa na kimya barazani. Kila mmoja wetu alikumbuka jambo. Tulimkumbuka fundi wa redio wa zamani aliyesingiziwa kuwa anazungumza na mashetani kwa kuwa nyumba yake ilitoa sauti usiku. Tulimkumbuka binti aliyependa hesabu, akaambiwa hesabu zitamharibia akili asipate mume. Na wengine wetu, tukiwa wakweli, tulikumbuka kuwa hatukuwa upande wa Kadhi Sulayman siku hizo; tulikuwa miongoni mwa mashahidi wa mfereji.

Abbas alifariki mwaka 887, sawa na mwaka 274 wa Hijra, akiwa mzee. Hatuna hata kitabu kimoja chake kilichobaki mikononi mwa watu. Zimebaki beti chache na habari zilizoandikwa na wengine. Saa yake haipo, pete zake za falaki hazipo, na chumba cha mbingu kimekwisha. Jina lake limebaki: mwaka 1976 wataalamu wa falaki walilipa bonde moja la mwezini jina la Ibn Firnas, na mwaka 2011 mji wa Córdoba ulifungua daraja lenye jina lake juu ya mto ule ule aliokuwa akiutazama.

Lakini tuulize swali ambalo kijana wetu hakulijibu siku ile. Ikiwa mtu huyu aliruka katika karne ya tisa, mbona waliomfuata hawakuruka zaidi yake? Mbona hakutokea mwanafunzi mmoja wa kusema kwamba mwalimu wetu alikosa mkia, basi sisi tutengeneze mkia tujaribu tena? Kosa lilijulikana. Liliandikwa. Likanakiliwa na waandishi kwa mamia ya miaka. Lakini lilinakiliwa kama hadithi ya kuchekesha, wala halikuchukuliwa kuwa ni somo la kuanzia kazi.

Ili kulifahamu jambo hili, tutampeleka msomaji kwa muda mfupi Uingereza, karibu miaka 900 baada ya Abbas. Mwaka 1773 katika mji wa Scarborough, jimbo la Yorkshire, alizaliwa George Cayley. Mwaka 1799 mtu huyu alichora juu ya kipande cha fedha umbo la chombo cha kuruka chenye mbawa zisizopigwa-pigwa, na upande wa pili akaonyesha nguvu zinazokishika chombo hewani. Mwaka 1804 alitengeneza mfano mdogo wa chombo, na nyuma yake akaweka mkia unaoweza kugeuzwa. Msomaji na auangalie mkia huo. Ni ule ule ambao Abbas aliukosa.

Cayley hakufanya hayo peke yake nyumbani kisha akanyamaza. Mwaka 1809 na 1810 aliyachapisha maarifa yake katika jarida la elimu, akaeleza hesabu zake na makosa yake, ili mtu yeyote aweze kuyajaribu. Kama Abbas, hakuwa mtu wa kazi moja: alibuni gurudumu jepesi lenye nyuzi za chuma, mfano wa gurudumu la baiskeli zetu, na gari la kutembea juu ya mnyororo wa vyuma, na mkono wa bandia wa mtu aliyekatika mkono. Na juu ya hayo yote alikuwa mtu wa jumuiya. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumuiya ya elimu ya Yorkshire, akashiriki katika jumuiya ya elimu ya Scarborough, akashiriki katika kuasisiwa kwa Jumuiya ya Kiingereza ya kuendeleza sayansi mjini York mwaka 1831, na mwaka 1838 akawa mwenyekiti wa taasisi ya Polytechnic mjini London, ambamo watu wa kawaida waliingia wakaonyeshwa mashine na kufundishwa jinsi zinavyofanya kazi. Kwa miaka mingi aliwahimiza wenziwe waunde jumuiya ya elimu ya kuruka, na hawakumwitikia. Mwaka 1853 chombo chake kilimchukua mtu mzima kikavuka naye bonde. Yeye akafariki mwaka 1857, na ile jumuiya aliyoitaka ikaundwa mwaka 1866, miaka 9 baada ya kifo chake.

Naye pia alichekwa. Tofauti ni kwamba maneno yake yalikuwa yamechapishwa, na walikuwako watu waliokutana kuyasoma. Mjerumani Otto Lilienthal akaendeleza, akaandika kitabu cha mbawa za ndege mwaka 1889, akafa mwaka 1896 baada ya kuanguka na chombo chake. Mwaka 1899 Wilbur Wright, fundi wa baiskeli huko Marekani, aliiandikia barua taasisi ya elimu ya Smithsonian mjini Washington akiomba vitabu vya habari ya kuruka. Taasisi ikampelekea vitabu na orodha ya vingine. Miaka minne baadaye, tarehe 17 Disemba 1903, yeye na nduguye waliruka kwa chombo chenye mtambo. Na Wilbur Wright mwenyewe alikiri fadhila ya Cayley aliyewatangulia.

Sasa twarudi nyumbani. Uwanja wetu ulianza kujengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya ndege za kijeshi, na mwaka 1979 ukapanuliwa ukafanywa wa kimataifa na kupewa jina la Moi. Kila ndege inayoteremka hapo, msomaji akisimama upande wa Chaani au Port Reitz, na aitazame inapokaribia ardhi. Ataona pua imeinuliwa kidogo na magurudumu ya nyuma yakitangulia kugusa. Anayeliinua pua hilo ni rubani, na anachokitumia ni ubapa ulioko mkiani. Ndilo jambo lililomuumiza Abbas mgongo, nalo limekuwa kazi ya kila siku ya rubani anayetua Mombasa na abiria wake mia wamelala usingizi.

Basi hatusemi kwamba Wazungu walimwibia Abbas. Hakuna aliyemwibia; urithi wake ulibaki wazi mbele yetu sisi, na hatukuuchukua. Wala hatusemi kwamba Waislamu hawakufanya kitu, kwani tumeonyesha kioo, saa, falaki na arudhi. Tunalolisema ni kwamba mtu mmoja, hata akiwa hodari namna gani, elimu yake hufa pamoja naye ikiwa hapana watu waliokaa pamoja kuipokea, kuiandika, kuikosoa na kuijaribu tena. Arudhi ya Abbas haikufa, kwa sababu aliwafundisha watu, nao wakawafundisha wengine. Mbawa zake zilikufa, kwa sababu zilipata watazamaji na zikapata wacheshi, lakini hazikupata wanafunzi.

Kijana wetu aliyeuliza lile swali ametuomba ruhusa alete barazani kila Ijumaa usiku kitabu cha hesabu na sayansi cha skuli, wenye kujua wawafundishe wasiojua. Wazee wawili watatu walisita, wakisema baraza ni ya dini. Tukawakumbusha ile saa ya Amiri Muhammad na nyakati za sala, wakakubali. Tumeweka pia daftari, na kila jambo litakalojaribiwa na vijana wetu, likifaulu au likishindwa, litaandikwa ndani yake pamoja na sababu yake. Atakayekuja baada yetu aone mahali tulipoukosa mkia, asilazimike kuanguka upya.

Milango ya baraza iko wazi kwa kila ndugu wa Magongo, Chaani, Port Reitz, Mikindani na ng'ambo ya pili. Anayesikia jirani yake akitamka maneno asiyoyafahamu, na abishe hodi aulize.

Wabillahi tawfiq.